Picha Kumi na Mbili kwenye Maji ya Mwenye Mayi

Vijana wa kazi,

Mmeniomba niandike namna tulivyoanza kupeleka watu wenye kamera kule mabwawani, kwa kuwa sasa nimeacha kazi, na magoti yangu yaliiacha kabla yangu. Nitaandika. Lakini msitafute humu nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo hakijamwonyesha mtu njia katikati ya mafunjo. Nitawaeleza safari yangu ya kwanza, maana mengi niliyokuja kuyajua niliyajua kwa kuyaharibu siku zile.

Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri. Kiswahili changu cha kuandika kimetoka katika katekisimu, cha mdomoni kimetoka Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa shaba, na nikivichanganya msinisahihishe. Ninyi wenye diploma ndio mliokuwa mkija kuniuliza mamba analala wapi.

Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Sisi tulizaliwa katika nyumba za kampuni, nyumba za matofali zilizopangwa mstari, kila moja na namba yake mlangoni. Maji makubwa niliyoyaona utotoni yalikuwa mfereji ambamo mama zetu walifua. Nilipopata nguvu niliingizwa karieri, yaani lile shimo kubwa la madini, nikapakia mawe kwenye mabehewa miaka miwili. Kule kila jambo lina amri yake. Ukisikia king'ora, unakimbilia mahali pako. Mzungu akikusemesha, unasimama wima, mikono ubavuni, unajibu "Ndiyo Bwana." Mwili unazoea mpaka haukuulizi tena.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Pale Kolwezi palikuwa na mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Haraka, kwa sababu hakuwahi kumaliza sigara wala sentensi. Zamani alikuwa akipeleka watu kuua wanyama. Bunduki zilipokatazwa upande ule, akaona wanyama wanaweza kupigwa picha, na faida ya mnyama wa picha ni kwamba kesho yuko palepale. Akatafuta kiongozi anayejua Kiswahili, Kiluba, na Kifaransa cha kuombea radhi. Nikavaa shati safi nikaenda.

"Wewe najua mayi?" aliniuliza.

"Ndiyo Bwana. Mi nilizaliwa mu mayi."

Mama yangu angesikia angenichapa. Alinizaa katika hospitali ya kampuni, kitanda cha nne kutoka mlangoni, na maji pekee yaliyokuwapo yalikuwa kwenye beseni.

"Muzuri," alisema Bwana Haraka. "Safari moja ya kujaribu. Muteja anapata picha, unabakia. Hapana pata picha, mi naandika barua, unarudi karieri." Jina langu lilikuwa bado kwenye orodha ya kule, alikuwa ameniazima tu, kama mtu anavyoazima ngazi. Nilitoka pale nimeapa moyoni: afadhali niliwe na mamba kuliko kurudi kwenye yale mawe. Mamba hakusomei jina asubuhi kwanza.

Mteja mwenyewe alikuwa enjinia mmoja, mtu mrefu, mpole, tuliyempa jina Bwana Jicho Moja kwa sababu jicho moja alilifunga hata alipokunywa chai. Alitaka kitu kimoja tu duniani. Kuna ndege anayekaa ndani kabisa ya mabwawa, mrefu kama mtoto wa shule, rangi ya majivu, mdomo mkubwa kama kiatu cha mti. Bwana Jicho Moja alikuwa ameona picha yake katika gazeti, na tangu siku hiyo akawa kama kijana aliyeposa asijibiwe.

Tulipanda treni Kolwezi, tukapita Lubudi, tukashuka Bukama, mahali ambapo mto Lualaba unaanza kutanuka na kusahau kingo zake. Pale alitungoja mwenye mtumbwi, Tata Ilunga, yaani Baba Ilunga, Mluba wa maziwani, mfupi, kifua kipana, amesimama nyuma ya mtumbwi wake na upondo wake mrefu mkononi. Hakutazama uso wangu. Alitazama miguu.

"Hizi nini?"

"Biatu, tata."

"Bya kufanya nini mu mayi?"

"Mi nilizoea biatu."

"Aaa! Mutoto wa posho!" Posho ni ule unga ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi kila juma, na kwa Tata Ilunga, mtu aliyekula unga bila kuona shamba lake alikuwa bado hajamaliza kuzaliwa. "Kwenu banawagawia bunga, banawagawia nyumba. Na bibi, banawagawia?"

"Bibi tunatafuta sisi benyewe, tata."

"Njo maana weye hauna."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Sikuwahi kupata mwingine, wala sikuhitaji.

Kabla ya kuondoka Bwana Jicho Moja alinionyesha kamera. Ilikuwa sanduku dogo lenye macho mawili, moja juu ya jingine, na mwenye kupiga anatazama ndani kwa juu, kichwa chini, kama mtu anayeungama. Filimu moja ilitoa picha kumi na mbili, basi. Filimu nyingine alizipanga katika sanduku la bati, akanikabidhi mimi. Nililikalia. Nilifikiri kwamba kitu nilichokikalia hakiwezi kupotea.

Tulikwenda nusu ya asubuhi. Maji yalikuwa kama kioo, mafunjo pande zote mbili yamesimama juu ya kichwa cha mtu. Viboko waliinua masikio, wakatuhesabu, wakazama. Nilishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili na kujifanya natazama mandhari. Ndipo Bwana Jicho Moja akageuka na kuniita kwa jina, kwa upole, anataka kujua saa ngapi tutafika.

Nikasimama wima, mikono ubavuni.

"Ndiyo Bwana!"

Mtumbwi haujui adabu ya karieri. Ulilala upande mmoja, mimi nikaenda upande wa pili, sanduku la bati likaenda chini. Tata Ilunga alinivuta kwa kola kama anavyovuta kambare. Bwana Jicho Moja alikuwa amekumbatia kamera kifuani, maji yakimchuruzika kwenye miwani.

"Ulisimama sababu ya nini?" Tata Ilunga aliniuliza.

"Bwana alinisemesha."

"Na siku Mungu atakusemesha, utaruka?"

Alichoma upondo chini mara nyingi akitafuta lile sanduku. Kila mara ulitoka na tope jeusi. Mwishoni Bwana Jicho Moja akatazama kidirisha kidogo nyuma ya kamera yake, akasema kwa Kiswahili chake: "Filimu iko moja. Hii ya ndani. Picha kumi na mbili." Hakunitukana. Angenitukana ningepumua vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusikia vumbi la karieri puani.

Vijana, andikeni: mtumbwini mtu hujibu akiwa amekaa, hata akiitwa na gavana.

Jioni ile tulifika kambi ya wavuvi, kisiwa cha udongo mgumu chenye vibanda kumi hivi. Sasa mjue desturi. Yale maji si ya kila mtu. Kila mfereji, kila dimbwi, lina mwenyewe, na asipokuruhusu huingii, hata ukiwa na karatasi ya serikali yenye mihuri mitatu. Ya pale yaliitwa maji ya Mwenye Mayi, na yeye mwenyewe, mzee mnene mwenye sauti ya chini, aliitwa hivyohivyo; sikusikia jina lake jingine. Tulikaa chini, tukapiga makofi ya heshima. Tata Ilunga akaninong'oneza: "Sema kidogo."

Lakini mimi nilikuwa na kosa la kufunika. Nikasema sana. Nilimwambia Mwenye Mayi kwamba mzungu huyu ameacha kazi, ameacha mke, amelala katika treni, ameloa nguo, yote hayo ili aje kupiga picha katika maji yake. Mzee alifurahi. Akatoa ruhusa palepale, tena akapiga kelele kuelekea vibandani kwa Kiluba cha haraka sana. Tulikula samaki, tukalala.

Asubuhi nilitoka nikakuta kambi nzima inaoga. Wanawake wanapaka watoto mafuta. Mtu anapiga pasi suruali kwa pasi ya makaa. Mwenye Mayi ameketi juu ya kiti chake, amevaa koti la manyoya la mzungu fulani wa zamani, jasho linamtoka, mkuki mkononi. Hapo nikaelewa. Nikamwendea kwa magoti.

"Tata, samahani. Picha ni ya ndege."

"Ndege?"

"Ndege. Ule wa mudomo mukubwa."

Akajifuta jasho kwa kola ya koti.

"Mi niko hapa. Bibi zangu beko hapa. Batoto beko hapa. Na muzungu anatoka Kolwezi sababu ya ndege?" Akainama karibu. "Ule ndege ni mukubwa wa kijiji gani?"

 Nikarudi kwa Bwana Jicho Moja, nikamweleza. Akakuna kichwa. Akasema: "Muzuri. Watu yote pamoja, picha moja." Kumi na mbili kutoa moja, kumi na moja za ndege. Nikaona tumepona.

Mnacheka, maana mnajua kilichofuata. Kule, kama kwetu, mwanaume hakai mahali pamoja na mama mkwe wake. Hamtazami, hali naye, njiani anapita kichakani asimkute. Na picha ni nini, kama si kukaa mahali pamoja daima? Mama mzazi wa mke mkubwa wa Mwenye Mayi alikuwa pale kambini, bibi kizee mkali anayeitwa Mama Ngoyi. Mwenye Mayi alikuwa pia na wakwe watatu, waume wa binti zake, ambao hawakuweza kusimama na wake zake. Ukimweka huyu, unamtoa yule. Ukimrudisha yule, wanakimbia watatu.

Picha ya kwanza: Mwenye Mayi peke yake. Ya pili: Mwenye Mayi tena, kwa sababu katika ya kwanza alikohoa, na hakutaka wajukuu wasikie kikohozi. Ya tatu na mke mkubwa. Ya nne na mke mdogo, maana mke mkubwa alisema amekwisha kupigwa, hapigwi mara mbili kama ngoma. Ya tano: Mama Ngoyi na binti yake. Ya sita: wakwe watatu, wamesimama kama mabehewa. Ya saba: wake zao. Ya nane: watoto, wote wamefumba macho.

Nilimvuta Bwana Jicho Moja pembeni. "Bwana, fanya kama unapiga. Bonyeza bure. Hawatajua."

Alinitazama kwa macho yote mawili, jambo ambalo sikuwa nimeliona. "Hapana. Mi hapana piga picha ya uongo. Wao naoga sababu yangu."

Nilimchukia siku ile. Baadaye nilimheshimu.

Tukadhani tumemaliza. Mama Ngoyi akaja na fimbo yake. Alipokuwa akipigwa picha yake, alisema, aliona kivuli cha mtu chini, karibu na miguu yake. Kivuli kinene. Kila mtu akamtazama Mwenye Mayi, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kibanda akichungulia.

"Kivuli si mutu!" Mwenye Mayi alipiga kelele kutoka nyuma ya kibanda, kwa kuwa hakuweza kusemezana naye uso kwa uso.

"Mumwambie," Mama Ngoyi akamwambia Tata Ilunga, "kama kivuli yake si yeye, akiache hapa, yeye aende."

Wazee wakakaa, wakajadili. Ilichukua muda wa kuivisha maharage. Hukumu: kivuli ni mtu. Picha ya tisa: Mama Ngoyi na binti yake tena, na Mwenye Mayi amepelekwa ng'ambo ya maji kwa mtumbwi. Ya kumi: ndugu yake Mwenye Mayi, aliyerudi kuvua akakuta sherehe, na kambare wake begani. Tukabeba vitu. Tata Ilunga hakuinuka. Alikuwa amefunga shati lake mpaka shingoni.

"Na weye, tata?" nikamwambia. "Sasa hivi?"

"Nilibeba muzungu, nilibeba weye mara mbili, mara moja mu mayi. Mi siko mutu?"

Ya kumi na moja.

Ikabaki moja. Moja, na mimi, na barua ya Bwana Haraka.

Kesho yake Mwenye Mayi mwenyewe alituelekeza mfereji. Nilikuwa nimesikia kwa wawindaji kwamba upepo lazima ukupige usoni, nikamwambia Tata Ilunga atuzungushe. Akacheka mpaka upondo ukatikisika. "Ndege ananusa na nini? Na kiatu?" Hilo nalo andikeni. Kwa bunduki unafuata upepo, kwa kamera unafuata jua: liwe mgongoni mwako, usoni mwake, la sivyo utarudi na kipande cheusi chenye miguu. Tulizunguka upande wa jua, na pale, kwenye uwazi mdogo kati ya mafunjo, alikuwa amesimama.

Nimewaonyesha watu ndege yule mara nyingi sana baadaye, lakini siku ile nilishika kinywa. Uso wake ulikuwa uso wa kapita, yule msimamizi wetu wa karieri, siku anapokusubiri ujieleze. Hakutikisika. Bwana Jicho Moja aliinamisha kichwa juu ya kamera, kidole tayari, akangoja. Alitaka ndege afanye kitu: afungue mabawa, akamate samaki. Picha moja haipotezwi juu ya kitu kilichosimama tu. Jua likapanda. Ndege hakufanya kitu. Mgongo wa Bwana Jicho Moja ukaanza kutetemeka, jasho likadondokea kioo. Nzi alitua kwenye mdomo wa ndege, akatembea mpaka mwisho, akarudi.

"Bwana," nikanong'ona, nimekaa, "huyu ni wa hivyo. Hata ukingoja Pasaka."

Akapumua. Akabonyeza. Klak.

Palepale ndege akatanua mabawa mapana kama mlango wa kanisa, akajitupa kichwa mbele majini, akatoka na samaki anayepinda, akatupigia mdomo kama mtu anayegonga sufuria, akaruka juu ya vichwa vyetu. Bwana Jicho Moja alibaki kashika kamera tupu. Tata Ilunga akasema taratibu: "Alikuwa anangoja umalize."

Filimu ilipelekwa kusafishwa. Nilingoja majuma, nikifagia ghala la Bwana Haraka na kujificha alipopita. Picha ziliporudi alinipigia kelele niende. Alikuwa na ile moja mkononi. Ndege alitoka vizuri ajabu, kila unyoya unaonekana, na amesimama kama amepigiliwa msumari.

"Hii iko mti," alisema Bwana Haraka. "Sanamu! Watu ya klabu nacheka mi. Wewe na ile muvuvi nachonga mti, napaka rangi, nadanganya enjinia."

Nikaapa kwa mama. Akasema vizuri, atakwenda nami yeye mwenyewe, akaone. Ndani ya treni alinionyesha barua ya kunirudisha karieri, imeandikwa tayari, inangoja sahihi. Akaiweka mfukoni mwa koti pamoja na kalamu. "Mi nagusa ile mti," alisema, "kisha natia jina."

Tulipofika kambini nilitoa picha kumi na moja ambazo Bwana Jicho Moja alizituma kwa wenyewe. Hapo hapakuwa na haja ya maneno. Zilipita mkono kwa mkono, Mama Ngoyi akatazama kwanza chini, pale kwenye miguu yake, akaridhika. Mwenye Mayi alipanda mtumbwi wa Tata Ilunga yeye mwenyewe kutuongoza.

Ndege alikuwa palepale, kwenye uwazi uleule, uso uleule. Bwana Haraka akacheka. "Naona? Mti!" Kabla hatujamshika aliruka kutoka mtumbwini akanyage mafunjo, maana kwa macho yanaonekana kama ardhi. Si ardhi. Alishuka mpaka kifuani, akasimama hapo, mkono mmoja mbele, hatua moja tu kutoka kwenye mdomo ule.

Ndege alimtazama. Akainama chini sana, kama tunavyomsalimu chifu, akafungua mdomo, akagonga, tatatatata, karibu kabisa na pua yake. Kisha akajinyea miguu yake mwenyewe, kama wanavyofanya jua likiwa kali, akaondoka zake kwa mwendo wa mtu mwenye kazi nyingine.

"Iko muzima," alisema Bwana Haraka kwa sauti ndogo.

Ilitubidi sisi watatu tutandike mafunjo na kumvuta kwa upondo, kidogo kidogo. Alipoketi mtumbwini alikuwa mweusi tangu kifuani kushuka. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kalamu iliyotoa tope, na kitu laini kama ugali baridi. Akakifungua pole pole juu ya goti. Wino ulikuwa umekwenda wote.

"Bwana," Tata Ilunga akamwuliza, "hii barua inasema nini?"

Bwana Haraka aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Akaiacha majini, akaitazama inavyozama.

"Hapana sema kitu tena." Kisha akanigeukia. "Juma ingine iko wateja wawili. Wewe napeleka wao huku. Na ambia wao fasi ya kukanyaga."

 Nilishika kopo nikaanza kutoa maji mtumbwini kwa bidii sana, asije akapata nafasi ya kufikiri upya.